UZI: Mpunga mpya ukigoma kuota usikimbilie kusema mbegu imekufa

Jaruba la Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye majaruba ya huku kwetu Mwanza, kuanzia Magu mpaka Misungwi, kuna malalamiko mawili yanazunguka kila baada ya mavuno, na yanapingana. La kwanza ni la mwenye mpunga wa skimu. Kavuna, kapura, kaanika, maji bado yapo mferejini, anataka arudishe mbegu ile ile kitaluni haraka. Analoweka, anamwaga, unaota mche mmoja hapa na mwingine kule. Anatangaza kijiji kizima kwamba mbegu imekufa. La pili ni la mwenye mahindi aliyechelewa kuvuna mpaka mvua ikamkuta. Anamenya gunzi anakuta punje zimeshatoa mizizi humo humo ndani ya maganda. Huyu naye anasema kauziwa mbegu mbovu.

Mimi ni bwana shamba, nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu, acha niandike mara moja.

Watu wengi wanaamini punje ikikomaa inaota, isipokomaa haioti, basi. Mambo hayako hivyo. Punje ya nafaka inapata uwezo wake kidogo kidogo ingali shambani: inaanza kuweza kuota, baadaye inaweza kukauka bila kufa, baadaye inajaa uzito wake wote, na ndipo inapata uvumilivu wa kukaa ghalani mpaka msimu mwingine. Wakati wote huo kuna breki inayoizuia isiote ikiwa bado imeshikana na mama yake. Kwenye mpunga breki hiyo inakawia kuachia. Kwenye mahindi inaachia mapema. Ndiyo maana malalamiko yanapingana na wote wawili mbegu zao ni nzima.

Nianze na mahindi kwa sababu yanaonekana kwa macho. Kila uzi wa zile ndevu umeungana na punje moja. Chavua ikitua juu ya uzi, zinashuka mbegu dume mbili. Moja inaungana na yai, linakuwa kiinitete, yaani mche wenyewe. Ya pili inaungana na viini viwili vilivyo katikati, hiyo inakuwa akiba ya wanga. Aliyeligundua jambo hili kwenye mimea ni Mrusi, Sergei Nawaschin, mwaka 1898. Kwa hiyo anayekula dona anakula mtoto na chakula chake, anayekula sembe anakula chakula peke yake.

Wiki ya tatu mpaka ya nne tangu chavua itue, wakati ule ule vijana wanapoyachoma pale Buzuruga stendi, kiinitete kinakuwa kimeshaumbika, kina mzizi na vijani vidogo ndani. Ukiyachukua mahindi ya umri huo ukayakausha polepole kivulini, sehemu yake itaota. Ndiyo, mahindi ya kuchoma. Ila miche yake ni dhaifu, akiba ni ndogo, na mbegu hiyo haikai.

Ukomavu kamili unautambua hivi. Vunja gunzi katikati, tazama punje upande usio na kiini. Utaona mstari unaotenga sehemu ngumu ya juu na maziwa ya chini. Siku zinavyokwenda mstari unashuka kuelekea kwenye gunzi. Ukishafika chini, ng'oa punje, kwangua kwa ukucha ile ncha iliyokuwa imeshikana na gunzi. Ukikuta utando mweusi, mama ameshafunga bomba, hakuna chakula kinachoingia tena. Kwa kawaida ni siku 50 mpaka 60 baada ya ndevu kutoka, kutegemea aina ya mbegu na baridi. Unyevu hapo bado ni mkubwa, kati ya asilimia 30 na 35, ndiyo maana kwa kuitazama tu unadhani bado. Mtama nao una doa jeusi kama hilo chini ya punje.

Karibuni kwa maswali. Mpunga nitaurudia.

Mtu wa Igoma

Nimewahi siti ya mbele. Bwana shamba, huo mpunga uliogoma ndio umenileta, haya ya sembe na dona baadaye.

Sio Mchezo

Mnazunguka mbuyu. Mbegu za siku hizi zimetengenezwa maabara zisiote mara ya pili ili ununue kila mwaka. Wazee wetu hawakuwa na matatizo haya.

Jaruba la Juu

@Sio Mchezo hapana. Teknolojia ya kuifanya mbegu izae punje zisizoota ilipewa hataza Marekani mwaka 1998, ikapigiwa kelele dunia nzima, na haijawahi kuingia sokoni. Punje za mahindi chotara ukizipanda zinaota vizuri tu. Tatizo lake ni kwamba sifa za wazazi zinatawanyika: shamba linakuwa na mirefu na mifupi, na mavuno yanashuka. Hilo ni suala la urithi, halihusiani na kuota. Na mpunga tunaouzungumzia hapa mwingi si chotara.

@Mtu wa Igoma twende. Ndani ya punje inayokomaa kuna homoni mbili zinazovutana. Asidi ya absisiki inakiambia kiinitete tulia, jaza akiba, jiandae kukauka. Jiberelini inakiambia toka. Punje ikiwa katikati ya kukomaa absisiki inakuwa nyingi, ndiyo breki yenyewe. Ikikaribia kukauka absisiki inapungua, lakini kupungua kwake peke yake hakutoshi. Kuna mbegu ambazo kiinitete chake kinabaki kinaisikiliza sana hata iliyobaki kidogo, na ganda la nje linazuia hewa ya oksijeni isiingie vizuri. Mpunga wa kundi la indica, ndio uliotawala nchi za joto, wengi wake uko hivyo. Unavunwa mzima, umejaa, na umelala. Usingizi huo unaisha wenyewe mbegu ikikaa kavu sehemu yenye joto, kuanzia wiki chache mpaka miezi miwili mitatu, kila aina na yake.

Na huo usingizi si ugonjwa. Suke la mpunga likilala kwenye maji kabla hujavuna, bila usingizi ungevuna miche. Watafiti wa mpunga wanautafuta kwa makusudi, ila wanautaka mfupi.

Bibi Kimea

Mimi hizo homoni sizijui lakini hayo unayosema nayaishi. Nauza kimea na togwa huku Nyakato. Mtu akiniletea mtama uliotoka shambani juzi siuchukui kwa kimea, namwambia peleka kwa wasagaji. Ukiuloweka unaota nusu, nusu nyingine inabaki punje, halafu inaanza kunuka na kuharibu ile iliyoota. Mtama wangu lazima uwe umekaa. Ulezi nao hivyo hivyo.

Ninavyofanya: naloweka usiku, asubuhi namwaga maji, nautandaza ndani ya gunia lililolowana, nafunika. Jioni nanyunyiza na kuugeuza kwa mkono kwa sababu unapata joto, ukiingiza vidole katikati unausikia. Ukiacha bila kugeuza unaungua wenyewe na kuota ukungu. Mzizi ukitoka wote kwa pamoja urefu wa punje au zaidi kidogo, naanika. Ukishakauka naufikicha mizizi itoke, napepeta, nasaga. Wateja wangu wanajua tofauti, kimea kilichoota nusu hakilainishi uji.

Jaruba la Juu

Wabeja sana Bibi Kimea. Umeeleza maabara nzima.

Kwa nini hakilainishi uji: wanga ulioko katikati ya punje kavu umekaa kwenye chembe zilizokwisha kufa. Zilizo hai ni kiinitete chenyewe na tabaka jembamba linaloizunguka akiba ya wanga, linaitwa alyuroni. Punje ikinywa maji, kiinitete kinatuma jiberelini kwenye alyuroni, na alyuroni inatoa kimeng'enya cha amilesi kinachokata wanga kuwa sukari. Mbegu iliyolala haitumi hiyo jiberelini ya kutosha, kwa hiyo amilesi haitoki, na uji wako unabaki mzito. Kwa maneno mengine watengeneza kimea wanapima usingizi wa mbegu kila wiki bila kujua.

Umetaja kufikicha mizizi, hapo nisisitize kwa wengine wanaojaribu nyumbani: chipukizi la mtama lina kemikali inayoweza kutoa sianidi. Kukausha, kuondoa mizizi na vichipukizi, kuchachusha na kupika vinaipunguza sana. Usile mtama ulioota mbichi kama saladi ya mijini.

CBG Damu

Bwana shamba, nina swali la kiuchokozi. Tumefundishwa kwamba asidi ya absisiki inatengenezwa kutokana na karotenoidi, zile rangi za njano na chungwa. Mahindi yetu ni meupe, hayana karotenoidi. Mbona basi hayaotei yote kwenye gunzi?

Jaruba la Juu

Swali zuri kuliko yote humu. Upo sahihi kwenye nusu ya kwanza. Kuna mahindi yenye hitilafu ya kurithi ambayo hayawezi kabisa kutengeneza karotenoidi. Punje zake ni za rangi hafifu, zinaotea kwenye gunzi zikiwa bado mbichi, na mche unaotoka ni mweupe kama karatasi, unakufa. Ni ushahidi mkubwa kwamba absisiki ndiyo breki. Mengine yanatengeneza absisiki vizuri tu lakini kiinitete hakiisikii, nayo yanaotea kwenye gunzi.

Ila weupe wa mahindi yetu ya ugali ni wa sehemu moja: jeni (kinasaba) inayotia rangi imezimwa kwenye akiba ya wanga peke yake. Kiinitete na majani vinatumia jeni nyingine za kazi hiyo hiyo, na zinafanya kazi kama kawaida. Tazama jani la mahindi meupe, ni kijani safi. Kama lingekosa karotenoidi jua lingeliunguza.

Mzee wa Kihenge

Nawasalimu nikiwa Ukerewe. Vijana mmeongea vizuri ila mmeruka mambo. Sisi mbegu hatuitoi kwenye gunia la chakula. Unachagua masuke shambani kabla ya kuvuna, unayafunga mafungu, unayaning'iniza darini juu ya jiko. Moshi na joto kila siku. Msimu ukifika hiyo mbegu haikosei. Na mtama tunauacha ukaukie kwenye bua mpaka uwe mkavu kabisa ndipo tukate.

Jaruba la Juu

Shikamoo mzee. Hiyo ya darini naiunga mkono kwa asilimia zote. Joto la jiko linaondoa unyevu kila siku, linafupisha usingizi, na moshi unafukuza wadudu. Kwa wanaoishi karibu na ziwa ni muhimu kuliko kwa watu wa Dodoma, kwa sababu mbegu kavu inavuta unyevu wa hewa. Unaanika siku nzima, unaweka kwenye kiroba cha salfeti, usiku upepo wa ziwani unarudisha ulichotoa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 75 inayaweka mahindi kwenye asilimia 14 hivi hata uanike vipi, na hiyo ni mbegu isiyodumu. Kuna kanuni ya Mmarekani mmoja, James Harrington: kila unapopunguza asilimia 1 ya unyevu wa mbegu, umri wake ghalani unaongezeka mara mbili. Inafanya kazi mbegu ikiwa kati ya asilimia 5 na 14. Kwa hiyo ukishakausha, iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa siku hiyo hiyo, jioni ile ile.

Ya kuacha mtama kwenye bua, mzee wangu, hapo nitakubishia kwa heshima. Doa jeusi likishaonekana chini ya punje hakuna unachoongeza. Kuuacha pale ni kuuhifadhi nje, kwenye umande, ngurumo za usiku, na kwelea kwelea. Kata masuke, maliza kukausha nyumbani.

Mzee wa Kihenge

Marahaba. Kwelea kwelea wanakula mweupe. Mwekundu wetu wa zamani hawaupendi, na mvua haiuoteshi.

Jaruba la Juu

Hapo umenishinda, na sayansi ipo upande wako. Mtama wenye tanini nyingi, ambao mara nyingi ni mwekundu au kahawia, ndege wanaukwepa kwa uchungu wake, na unahimili zaidi ukungu na kuotea kwenye suke. Ngano pia, nyekundu inalala kuliko nyeupe. Bei ndiyo inayotusukuma kwenye mweupe, wanunuzi wa unga hawataki mwekundu.

Mtu wa Igoma

Turudi kwangu basi. Nina kiroba cha mpunga hapa, nitajuaje umelala au umekufa? Na kama umelala nitauamsha vipi, kitalu kinaningoja.

Jaruba la Juu

Chukua punje 100 bila kuchagua. Ziweke kwenye kitambaa kilicholowana, viringisha, weka kwenye sahani sehemu ya joto, usiache kikauke. Mpunga unapewa mpaka siku 14 ndipo unahukumiwa. Mtama siku 10, mahindi siku 7. Zisizoota zibonyeze kwa vidole. Iliyokufa inabonyea, inatoa uji na ukungu. Iliyolala inakuwa ngumu, imenywa maji lakini imetulia.

Halafu pembeni chukua punje nyingine 100 uzimenye ganda la nje kwa ukucha, taratibu, usiguse kiini kile cheupe kwenye ncha moja. Ni kazi ya kuchosha, wape watoto. Zikiota zilizomenywa na zenye ganda zikagoma, jibu unalo. Maabara za mbegu wana njia ya haraka zaidi: wanapasua punje katikati ya kiini na kuiloweka kwenye dawa isiyo na rangi iitwayo tetrazoliamu. Kilicho hai kinageuka chekundu, kilichokufa kinabaki cheupe. Njia hiyo ilianzishwa na Mjerumani Georg Lakon miaka ya 1940 na bado inatumika. TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ndio wenye jukumu la kupima mbegu nchini, ulizia kwao.

Kuamsha: maabara wanaweka mbegu kavu kwenye nyuzi joto 50 kwa siku 4 mpaka 5. Nimesema mbegu kavu. Ukiipeleka mbegu bichi kwenye joto hilo unaipika. Kwa mtu wa nyumbani nashauri kuianika vizuri kwenye turubai kwa siku kadhaa, kuigeuza geuza, kisha kungoja. Usianike mbegu kwenye lami. Najua barabara nzima inajaa mpunga, kwa chakula ni shauri lenu na mawe yenu, lakini lami ya saa nane mchana inaua kiini. Kama kitalu hakingoji, tumia mbegu ya msimu uliopita, huo wa sasa uuweke.

Sio Mchezo

Sawa nimeelewa kidogo. Na yale mahindi yaliyootea kwenye gunzi? Shemeji yangu anayo, anataka kuyaanika ayafanye mbegu.

Jaruba la Juu

Ayachambue kwa mkono. Punje iliyovimba tu bila mzizi kutoka inaweza kupona ikikaushwa haraka, ingawa nguvu imepungua. Iliyokwisha toa mzizi, ule uvumilivu wa kukauka umeshapotea, ikikauka inakufa. Hiyo haiwi mbegu tena. Kwa chakula atazame ukungu, mahindi yaliyolowana kwenye gunzi ndiyo nyumba ya sumukuvu. Yenye ukungu asiwape hata kuku.

Na kabla ya kufunga magunia apime ukavu kwa chumvi: chupa kavu, mahindi theluthi, kijiko cha chumvi kavu, atikise vizuri, aache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa unyevu umezidi asilimia 15, arudishe juani. Isiponata ndipo afikirie gunia, na kwa mbegu aendelee kuanika zaidi ya hapo.

Dagaa Kavu

Samahani nimechelewa. Mpunga wangu ni wa mwaka jana, haujalala, niliuloweka kwenye ndoo siku kadhaa. Umetoa kitu cheupe kirefu lakini mzizi hauonekani. Ni ugonjwa?

Jaruba la Juu

Ni kukosa hewa. Mpunga ni nafaka ya ajabu, unaweza kuanza kuota hata pasipo oksijeni, kitu ambacho mahindi hayawezi. Lakini ukiwa chini ya maji unatanguliza kile kifuniko cha jani, unakirefusha kwenda juu kutafuta hewa, na mzizi unaahirishwa. Mche wa namna hiyo ukiumwaga kitaluni unaelea na hausimami.

Mwaga maji leo. Tandaza kwenye gunia lenye unyevu, kivulini, safu nyembamba, mizizi itafuata kwenye zile ambazo hazijarefuka sana. Mara nyingine loweka saa 24, badilisha maji katikati, mwaga, kisha funika kwa siku moja mpaka mbili. Kichipukizi kikitokeza kama ncha ya sindano peleka kitaluni, usingoje kirefuke.

Dagaa Kavu

Poa mkuu. Ndoo ilikuwa na kifuniko pia.

Bibi Kimea

Kifuniko tena! Hapo ulikuwa unatengeneza pombe.